Kwa Niaba

Baba aliteuliwa na redio,
taarifa ya habari ya saa mbili usiku,
mama ameshika mwiko, ndizi hazijaiva.
Jina letu lilitajwa la nne, tena likakosewa.
Kulipokucha gari lilikuwa limeshasimama ng'ambo ya mfongo,
na dereva, Chilumba, akatusalimu tukiwa na tongotongo.

Miaka kumi na minne, mikoa mitano.
Ramani ya nchi nilijifunza kwa kufunga masanduku.
Bendera ndogo ya gari ilikuwa na soksi yake ya ngozi:
baba akiketi, Chilumba huivua,
baba akishuka, huivisha.
Utotoni niliamini bendera ndiyo mkuu wa mkoa
na baba ni abiria wake tu.

Nyumbani alinong'ona, hata akiomba chumvi.
Jukwaani sauti ilikuja, na daima kwa maneno mawili.
Kwa niaba akakata utepe wa zahanati isiyo na dawa.
Kwa niaba akapanda miti, mingi ikafa,
akala pilau la harusi za watu asiowajua,
akatupia udongo majeneza madogo sita
ya watoto waliosombwa na mto wakitoka shule.
Akarudi, akanawa mikono,
akaniuliza kama nimemaliza hesabu.
Sikuwahi kumwona akilia.
Pengine hakutumwa.

Usiku mmoja, mkoa wa tatu, nilimsikia anabishana na simu.
"Watu hawa hawana pa kwenda," alisema.
Kimya kirefu.
Kisha: "Ndiyo, mheshimiwa."
Kesho yake tangazo alilisoma mwenyewe, hakumwachia katibu.
Nyumba mia mbili na sita.
Namba hiyo niliikuta juzi, kwa penseli,
ndani ya jalada la Biblia yake. Hakuna neno pembeni.

Redio ileile ikamtengua.
Mama akaizima.
"Haya," akasema, "twende tukapalilie kahawa."

Sasa yuko Mbokomu, kwenye kihamba cha babu,
mikasi kumi na saba ya kukatia utepe imelala kwenye droo.
Mmoja mama anakatia kamba za mbuzi.

Vuli ilipokosa mvua tuliitwa kikao cha mfongo,
pale maji yanapogawanyika, juu ya shule.
Baba alivaa koti. Akasimama kando
akingoja kukaribishwa meza kuu.
Hapakuwa na meza. Palikuwa na jiwe,
na juu ya jiwe Oforo, mpogoaji wa mibuni,
daftari la zamu gotini.
"Mariki, na wewe unataka nini?"

Baba akakohoa. "Kwa niaba ya..."

Watu wakasubiri.
Mlima nao, umejifunga wingu hadi kiunoni.
Akageuka nyuma, kana kwamba Chilumba yupo
na ile soksi ya ngozi.
Akaanza upya, kwa Kichaga,
lugha ambayo hotuba zake zote hazikuwahi kuipa kiti:
kwamba ana migomba arobaini,
kwamba mmoja umeanguka jana na mkungu wake mchanga,
kwamba mkewe anachota mbali na magoti yanamuuma,
kwamba anaomba maji.
Yeye.

Oforo akalamba ncha ya penseli.
"Jumatano, saa tisa usiku. Ukichelewa, zamu imekupita."

Jumatano niliamshwa na mlango.
Nikachungulia dirishani: tochi chini ya kwapa,
suruali imekunjwa hadi magotini,
anabomoa kizibo cha udongo kwa jembe.
Maji yakaingia, kwanza kidogo, kwa wasiwasi wa mgeni,
kisha yakaijua njia.
Alikuwa anayasemesha.
Sikushika hata neno moja,
lakini mbwa wa jirani walibweka,
maana alisema kwa sauti kubwa.