Saba Yenye Mkanda

Simu ya kwanza: Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi,
mvua inapiga bati, barabara ya kumi na nne, Ngamiani.
Aliyepokea: Tumsifu.
Maneno yake: "Ndani ya saa sabini na mbili, mama."
Nimeyafungia ndani ya alama za usemi
kama kuku anavyofungwa mguu siku ya mnada.

Elfu themanini na sita.
Pesa ya ngano, ya mafuta, na rejesho la kikoba,
imekwenda kwa mtu wa Korogwe nisiyemjua
kwa sababu saba niliyoiandika mwenyewe
niliisoma moja.
Siku hizi saba zangu zina mkanda kiunoni.

Simu ya pili: muziki, dakika kumi na tisa.
Hakupokea mtu. Nimeandika muziki.
Ya tatu: hakutaja jina. Nimeandika: ana mafua,
husema "sawa, sawa" kabla sijamaliza.
Ya nne: salio langu liliisha. Kosa langu; nalo nimeliandika,
maana daftari linalompendelea mwenyewe
si shahidi, ni shoga.

Na kila mara, kabla ya binadamu, ile sauti ya mashine:
"Mazungumzo haya yanarekodiwa."
Vyema. Nami narekodi,
kwa kalamu ya buluu, nyuma ya madeni ya maandazi.
Wao wana mitambo,
lakini nikiuliza Jumanne niliahidiwa nini,
mitambo haioni.

Wahenga walituusia mali na daftari.
Hawakusema kwamba neno nalo ni mali,
na huibwa mchana, kwa heshima, huku ukiitwa mteja wetu mpendwa.

Simu ya saba: Ijumaa, watu wametoka msikitini,
saa nane kasoro robo. Jina: Gervas.
Nikamwomba alitaje herufi kwa herufi.
Nikamsomea yote, toka Tumsifu hadi mafua.
Kimya.
Nikasikia droo ikivutwa, karatasi,
kisha sauti ya chini, kama ya mtoto anayeazima kifutio:
"Bi Mashavu, hiyo ya Jumanne, ulisema saa ngapi?
Rudia taratibu. Naandika."

Nikarudia. Saa tatu na dakika kumi. Tumsifu. Mvua.
"Na mvua niandike?"
Andika.

Saa nane na dakika ishirini. Amekata yeye, baada ya kuaga.
Pesa bado.