Dashibodi ya Mfuniko

Mshale ulikufa kwenye arobaini.
Nikisimama, arobaini. Nikikimbia, arobaini.
Hata usiku, pikipiki imelala ukumbini
imefunikwa khanga, bado inadai iko mwendoni.

Nikampelekea Semkiwa, Barabara ya Kumi na Mbili,
fundi asiyesalimia kabla ya kugusa chuma.
Akagonga kioo kwa ukucha. "Hii maiti. Tuizike."

Chini ya benchi akatoa mfuniko wa sufuria,
ile ya pilau ya watu mia,
alumini nene, imeungua pembeni.
Akachora kwa chaki: hapa swichi ya taa,
hapa ya honi, na hapa katikati, pa mgeni.

Mgeni nilimnunua Mgandini, elfu thelathini na tano,
kioo cha ramani upana wa kiganja,
kimeng'olewa kwenye gari la Kijapani.

Msumeno ukalia. Keekee ikalia zaidi.
Tukakata tyubu ya baiskeli ndimi nne,
tukazilaza chini ya kila nati
ili mtetemo wa Boxer usimng'oe mgeni meno.
Waya mwekundu kwenye fyuzi, mweusi kwenye fremu,
silikoni kandokando, kwani masika haina adabu.

Bi Mwanamkuu, muuza mihogo, akaangua kicheko:
"Mtoto wa Ngamiani ananunua ramani!
Barabara zenyewe zina namba.
Anayepotea hapa hakukosa njia, alikosa hesabu."

Nikacheka nao.
Nikasema ni kwa wageni wa mapango ya Amboni,
wao hupenda kuona mstari.

Sikusema kwamba tangu nilipoanguka Kange,
kichwa kikabusu ukingo wa lami,
ya Saba na ya Nane huazimana nguo.
Sikumtaja abiria wa Sahare
niliyemzungusha Chuda mara tatu,
akadhani namwibia, akashuka bila kulipa,
nami nikamshukuru Mungu kwamba alidhani namwibia.

Tulipoiwasha, ikafikiri,
kisha ikachora mji usio wetu,
maandishi kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Ilijiona bado iko Nagoya.
Dakika nne nzima pikipiki yangu ilikuwa Nagoya,
na mimi juu yake, na kandambili zangu,
na Bi Mwanamkuu na karai lake.
Semkiwa akataka kuizima.
"Iache," nikasema. "Ndivyo ninavyoamka mimi."

Likawa limeshaniponyoka.
Hakuuliza. Alifuta mikono kwa tambara,
kidole kimoja kimoja,
mpaka nukta ya bluu ikatua Kumi na Mbili.
"Njoo kesho. Kingo bado zinakata."

Kesho yake zilikuwa laini.
Pesa alichukua ileile tuliyopatana.

Wiki ya pili, Makorora yote giza,
fyuzi ikaungua, kioo kikafumba jicho.
Nilikaa njia panda, injini kimya,
sijui kulia kwangu ni wapi.
Nikapapasa kutafuta swichi,
na chini ya kioo vidole vikakuta vijidonda
vya msumari na nyundo ndogo.
Nikamulika kwa kitochi:

MSIKITI MWEUPE, KULIA
KINYOZI, KUSHOTO
MLANGO WA TATU, WA BATI

na chini kabisa, herufi zimepinda kwa haraka:

SPANA YANGU YA KUMI RUDISHA