Jioni na Kinywa

Kwetu Fuping, neno jina huandikwa hivi: 名.
Mapigo sita ya patasi, basi.
Juu ni jioni. Kwenye mifupa ya kale
utaiona bado ni hilali,
mwezi mchanga ulioinamisha kichwa.
Chini ni kinywa.

Fundi Dang, aliyenifunza kazi,
alinieleza huku akitema vumbi:
mchana watu huonana, jina la nini?
Giza likiingia, nyayo zikisikika uani,
mtu huuliza, Nani?
nawe fungua kinywa ujitaje
kabla gongo halijakushukia.
Jina lilizaliwa hapo, alisema. Kwenye hofu.

Sijui kama ni kweli. Wasomi wana yao.
Mimi nimechonga mawe ya makaburi miaka thelathini na moja
na kila jina nililolichimba
lilikuwa linaingia gizani.

Mwezi wa tatu alikuja Yuan Lamei,
vidole vimepiga weusi kwa kumenya matunda ya kukausha.
Kaburi la mamake linahamishwa kupisha barabara,
anataka jiwe. Dogo. La bei ya chini.
Kitabu cha ukoo alikuja nacho ndani ya mfuko wa unga:
Que, wa Yuan.
Ukoo alikotoka, ukoo alikoingia,
kama gunia lililoandikwa stesheni mbili
na lililomo ndani halikuandikwa.

Jina lake?
Mimi nilimwita Mama.
Babako je?
Alimwita Wewe. Wageni wakiwapo, Mama Lamei.
Alikufa kabla ya vitambulisho, nami nina miaka tisa.

Nikamtilia chai. Nikamwambia habari ya jioni na kinywa,
si kwa hekima; nilikuwa nasubiri jiwe la kunolea likauke.
Akanyamaza kwa muda.
Kisha akasema: kwenye kinu alikuwa zamu ya usiku.
Akirudi, bibi hukemea kutoka kitandani, Nani?
Na yeye nje ya mlango, kwa sauti ya chini,
sauti inayoshuka kama ndoo kisimani:
Xing.

Xing ipi?

Nikachovya brashi majini, nikaandika juu ya kibao cheusi.
Hii ni aprikoti: mti,
na chini yake kinywa kinangoja tunda lianguke.
Hii ni bahati. Mapigo manane.
Wapo wasemao ilianza kama picha ya pingu.
Zote mbili Xing, zote hushuka vilevile.
Sikio halijui kuandika.

Akazitazama mpaka maji yakaanza kukauka,
aprikoti ikatangulia kupotea.
Nyumbani hatukuwa na mti wa aprikoti, akasema.
Na bahati, hiyo ndiyo hatukuwa nayo kabisa.

Nilidhani ataondoka. Wengi huondoka,
huniambia andika tu ukoo, inatosha.
Alifunga kitabu, akakirudisha kwenye mfuko wa unga,
akakung'uta mikono.

Chonga lile lenye kinywa.

Siku ya tano patasi iliteleza.
Kona ya kinywa ikabanduka, chini kulia,
kikabaki wazi upande mmoja.
Jiwe la namna hiyo mimi hulitupa, na hasara ni yangu.
Alipokuja nikamwonyesha jingine jipya.
Akalipita. Akapitisha kidole kwenye lile lililovunjika,
akakifikisha penye mwanya, akakiacha pale.
Hivi hivi, akasema. Akahesabu pesa.

Usiku huo umeme ulikatika mtaa mzima.
Nikafika kwangu nikipapasa ukuta, nikagonga.
Nani? akauliza mke wangu.
Mimi.
Mimi hana jina?

Nikasimama pale, vumbi limejaa ulimini.
Juu ya paa la jirani palikuwa na kipande cha mwezi.
Nikameza mate,
nikafungua kinywa.