Saa Tatu, Bila Usiku

Daftari lina doa la jemu ukurasa wa kwanza,
na kando ya doa nimeandika: Swaledale, Juni, Jumapili,
saa tatu usiku.
Kisha nikalifuta neno usiku,
maana jua lilikuwa bado limekaa juu ya kilima
kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu
na hajanyanyua mguu.

Miaka thelathini na moja nilichora ubaoni
moyo wa chura, figo, mzizi wa mharagwe,
chaki nyeupe, chaki nyekundu kwa damu,
kengele ikilia nafuta.
Sasa nina boksi la rangi kumi na mbili
na wiki mbili zisizo na kengele.

Kijani kilichomo boksini hakitoshi.
Huku mteremko mmoja tu unadai
kijani cha mchicha, cha kisamvu kilichotwangwa,
cha chupa, cha ukungu wa mkate,
na kingine, chini ya kivuli cha wingu, ambacho sikukipatia jina.
Nikaacha karatasi nyeupe pale, nikaandika: rudi.

Kuta zao za mawe hazina saruji hata kijiko.
Nilichora jiwe mojamoja mpaka la sitini,
vidole vikafa ganzi (Juni, jamani!),
yaliyobaki nikayaacha yawe mistari.
Soketi za nyumbani zina matundu matatu kama zetu.
Hizo tu sikuzichora.

Bi Metcalfe, mwenye nyumba, alileta mayai,
akamtazama kondoo wangu: uso mweusi,
pua nyeupe kama aliyeiba unga.
"Mbuzi mzuri," akasema.
Nimemwandikia chini, kwa herufi kubwa: KONDOO.

Na Hemedi.
Mtu wa reli, aliyezoea kupunga bendera
na kulala jicho moja wazi,
huku anahesabu mageti tunayofungua na kufunga,
kumi na tisa hadi mtoni,
kisha anasinzia kitini, macho yote mawili,
chai inapoa.
Siku ya mvua, kwa kukosa kondoo, nikamchora yeye.
Nilipofika sikio la kushoto penseli ikasita:
lina pengo dogo, kama ukingo wa kikombe cha zamani.
Miaka thelathini na minne, kitanda kimoja.
"Hii nini?"
Hakufumbua macho.
"Waya wa ishara. Kilosa. Kabla yako."
Akageukia upande wa pili, akaniachia kisogo.
Nikachora kisogo.

Nililifunga daftari rangi haijakauka.
Asubuhi kurasa mbili zimegandana, ukuta na mume.
Nilipozibandua taratibu, kwa ncha ya kisu cha siagi,
shavu lake lilikuwa na mawe saba,
na ukutani, kati ya jiwe na jiwe,
kipande cha sikio.
Sikuchora upya.

Kile kijani kisicho na jina sikukirudia.
Mvua, masanduku, basi la saa nne.
Neno rudi lipo palepale, peke yake kwenye weupe.

Hapa Morogoro jua linazama bila kuaga,
unageuka kuwasha taa, halipo.
Na nikishika penseli,
hata ya kuandika deni la sukari,
Hemedi anatulia tuli,
anageuza sikio.