Lita Mbili na Nusu

Mwezi wa nane, Kizota. Upepo umekata kamba ya nguo
na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari.
Naiwasha Foksi dakika kumi, ipate joto,
maana oili baridi hutoka peke yake
na kuuacha uchafu ndani.
Naizima. Napiga goti. Spana ya kumi.
Nati sita ndogo, pete sita za shaba;
moja ikipotelea mchangani, Dodoma nzima hakuna nyingine.

Gari hili halina chujio la karatasi.
Lina wavu tu, mdogo kuliko kiganja changu,
wa kuzuia nyuzi za kitambaa, vipande vya gasketi.
Vumbi la Bahi, lile laini, hupita hapo
kama mgeni mwenye barua ya mkuu wa wilaya.
Ndiyo maana Baba alimwaga kila kilomita elfu mbili.
Kitabu cha gari kilisema elfu tano.
"Kitabu," alisema, "kiliandikwa na watu wenye mvua."

Inatoka. Kwanza kamba nene, halafu uzi,
halafu matone yanayohesabika.
Naipima alivyoipima yeye, kwa vidole viwili:
oili nzima huteleza kama mlenda wa asubuhi,
iliyokufa husaga kama ugali ulioingia mchanga.
Hii inasaga.

Basi niseme. Miaka miwili nimekuwa mtu wa kuongezea.
Nusu lita Pasaka, nusu lita Krismasi.
Kijiti kikionyesha imejaa, nikafunga boneti
nikajiita mtunzaji.
Nilikuwa namimina maji ya kisima
juu ya maji yaliyooshea sufuria.

Katikati ya kifuniko Baba alibandika sumaku,
aliing'oa kwenye spika ya redio iliyoungua.
Naifuta kwa kidole. Imeota ndevu,
ndevu za chuma, laini, za kijivu,
zinazosimama kila nikizilaza.

Daftari lake liko kwenye kiti.
Kurasa za mbele ni za bwana mifugo:
ng'ombe walioogeshwa Chipogolo, Mwitikira, dawa iliyobaki.
Kurasa za nyuma, ukiligeuza kichwa chini, ni za oili.
76,300. Imemwagwa. Sumaku: safi.
78,290. Imemwagwa. Sumaku: unga kidogo.
Na mwisho, mwandiko ukiwa umeanza kuyumba:
88,052. Imemwagwa.
88,052. Imemwagwa.
88,052. Imemwagwa.
Septemba tatu, namba moja.

Nakumbuka. Gari lilikuwa juu ya matofali,
na yeye safari yake ilikuwa kitandani hadi barazani.
Alimtuma kijana wa gereji, akalipa, akasimamia kwa fimbo.
Nilimwambia mama, jikoni, bila kushusha sauti:
amesahau, anamwaga oili ya gari lisilotembea.
Mama Sechelela alichagua mchele wake, hakuinua macho.

Leo ndiyo naona, pembeni, kwa penseli,
maneno ambayo sikuyatafuta wakati ule:
Kusimama nako kunachosha.

Jirani yangu Chilewa yuko getini na dumu.
"Hiyo chafu usiimwage. Mchwa wamefika
kwenye nguzo za zabibu, kule Mpunguzi."
Nampa yote, na tambara la kupakia.
"Paka nguzo tu," namwambia. "Mizizi usiiguse."

Naosha wavu kwa mafuta ya taa, mara tatu.
Nakaza nati kwa zamu, hii na ya ng'ambo yake,
taratibu, kifuniko kisipinde.
Mpya naimimina nikiwa nimetandaza khanga
kuukinga mdomo wa injini na upepo;
khanga ya maua, ile ya kutokea,
na sijali. Lita mbili na nusu,
rangi ya chai ambayo majani hayajakolea.

Kisha nageuza daftari kichwa chini.
91,740. Imemwagwa. Sumaku: ndevu.
Nafikiri kidogo, naongeza: Nimechelewa.

Vumbi linatua juu ya wino mbichi.
Nalipuliza.