Nyota Moja

Mteja wa Njombe amenipa nyota moja.
"Hii ni sukari," kaandika. "Tapeli wa Moshi."
Na picha kaweka: chupa yangu, kibandiko changu,
asali imeganda, nyeupe kama mafuta ya kondoo.

Mwezi wa saba, Njombe, maji ya kunawa yanauma vidole.
Asali nayo ifanyeje?

Nikaandika jibu. Nikalifuta.
Nikaandika jingine, lenye matusi ya Kichagga ya bibi yangu,
nikalifuta nalo, shingo upande.

Nyota moja haiujui
usiku ule Elifuraha aliporudi kutoka mizingani,
jicho limevimba kwa miiba ya nyuki,
akacheka, akasema: ndoo mbili, dada.

Mwishowe nikamwandikia:
"Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Usichemshe.
Subiri."

Akasoma. Alama mbili za buluu.
Kimya.

Leo hapa Majengo kuna baridi, mlima haujaonekana tangu Jumatatu.
Nimefungua chupa niliyojiwekea mwenyewe kabatini.
Nayo imeganda.
Nimechota kwa kijiko, nikaitafuna,
chenga chenga,
tamu mpaka inakera.