Kasha la Risasi Nne

Marehemu baba aliacha bunduki moja na watoto wawili.
Kitako cha mti wa jozi, kimepakwa mafuta miaka arobaini
hadi kikawa na rangi ya chai ya mkandaa.
Tumbo lake chuma, kifuniko chake chuma,
risasi zikilala humo zikipishana mabega
kama watoto wa kitanda kimoja.
Akapewa Reino. Hakuna aliyeuliza.
Mimi nilipewa cherehani.

Basi Oktoba nikaingia dukani kwa Wuori,
duka la misumari, rangi, na chumvi ya kuyeyushia barafu,
nikahesabu dola mia tatu na tisini,
mshahara wa jiko la shule, noti zanuka kitunguu.

Reino akagonga kitako kwa kucha: ko, ko.
"Aune, hii ni bunduki au dumu la maziwa?"
Akachomoa kasha la risasi, akaliminya kwa vidole viwili,
likabonyea.
"Rahisi ghali," akasema.
Mdomo ninao, ila siku ile niliuacha nyumbani.

Jumapili, machimbo ya changarawe, hatua mia.
Mfuko wa mchele chini, shavu juu ya plastiki baridi.
Mtutu haugusi kitako popote:
nilipitisha noti ya dola katikati, ikateleza
mpaka kwenye shingo ya mtambo bila kukwama.
Siri ndiyo hiyo, sijaona nyingine:
chuma kiachwe kitetemeke kivyake,
kila risasi mtetemo uleule.
Jozi hunywa mvua, huvimba, huuegemea mtutu.
Plastiki haina kiu.

Nikapiga tatu. Nikatembea kwenda kutazama.
Matundu matatu yameshikana; sarafu moja
ingeyafunika yote na ukingo ukabaki.
Ya baba, mwaka wake bora, ilitaka kiganja kizima.
Sikumwambia mtu. Karatasi niliikunja
nikaitia kwenye kopo la unga.

Lakini kasha, loo.
Nisiseme uongo kwa sababu ya mapenzi.
Risasi nne juu ya moja moja, ngazi nyembamba,
na ile ya nne haiingii mpaka kidole gumba kilie.
Kinacholishikilia ni ulimi wa plastiki, mwembamba kama ukucha,
na aliyeuchora, naapa, hajawahi kuvaa glavu.
Pesa zote walizimimina mtutuni,
tumboni wakabana matumizi.

Novemba, baridi ya kugandisha kope,
kulungu dume akatoka kwenye mierezi.
Nikainua. Kifungo cha koti kikagusa ule ulimi.
Tap.
Kasha likazama kwenye theluji na risasi zote nne,
likaacha juu tundu la umbo lake.

Kulungu akageuza sikio moja.
Moja tu.

Mfuko wa ndani ulikuwa na risasi ya tano,
yenye joto, imelala na pipi za kikohozi.
Huwezi kuitupia tu ndani: bila kasha
itapita moja kwa moja, itue kwenye buti lako.
Nikavua glavu kwa meno. Nikaishika kwa ncha za vidole,
nikaipeleka mpaka mdomoni mwa mtutu wa nyuma,
polepole, kama atiaye uzi tundu la sindano
(ndiyo, baba, cherehani)
nikafunga komeo.

Mengine ni nyama, nayo imo kwenye friza.
Reino amekula, akaongeza.
Bunduki ameiazima mara mbili, "kuipima tu,"
na mara zote mbili karudi kimya.

Kasha nililipata Aprili, chini ya majani,
shaba za risasi zimeota ukijani, ulimi mzima.
Sasa nalifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.
Halipendezi.
Reino huuliza ule mpira ni wa nini.
Namwambia ni salio la bei.